Panya Watatu kwa Boti Hadi Goma

Niliondoka Bukavu kwa sababu panya wazima walikuwa wametuishia. Katika maabara yetu tunafuga panya weupe na kuwaambukiza malaria, ile ya panya, ambayo iligunduliwa zamani kwa panya wa msituni huko Katanga. Haimpati mtu. Lakini inamtesa panya karibu kama yetu inavyotutesa sisi, kwa hiyo dawa mpya huanzia kwake. Ikisafisha damu yake bila kumwua, ndipo wakubwa wanapoanza kuzungumza juu ya kuijaribu kwa binadamu. Hatuna friji ya baridi kali ya kugandisha vijidudu hivyo, kwa hiyo tulikuwa tukivihamisha: tone la damu la panya mgonjwa kwenda kwa mzima, wiki hadi wiki. Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia kwenye vizimba na kuwamaliza wazima. Tukabaki na wagonjwa watatu, wala hakukuwa na wa kupokea damu yao.

Goma mambo yalikuwa kinyume. Dokta Kambale wa maabara ya Himbi, Mnande wa Butembo niliyesoma naye, alikuwa na panya wazima na friji mpya, ila vijidudu vyake vyote vilikufa umeme ulipokatika kwa muda mrefu.

"Nsimire, walete," aliniambia kwenye simu. "Wakikufia njiani, basi. Hakuna pengine karibu pa kuvipata vijidudu hivyo."

Ndege zilikuwa haziruki. Nikakata tiketi ya boti.

Asubuhi, bandarini Bukavu, nilimwonyesha nahodha sanduku langu: plastiki yenye matundu, takataka za randa ndani, na vipande vya viazi mbichi ili panya wapate maji bila kulowa. Aliinama, akachungulia, akaniambia niliweke miguuni na nisiongee sana na watu. Nililifunika kwa kitenge. Panya mwenye malaria hupoteza joto upesi. Manyoya husimama, mgongo hupinda, kisha huacha kula. Kila baada ya muda nilitia kidole chini ya kitenge na kugusa plastiki, nikisikiliza kama bado wanakwaruza.

Tulipokaribia kisiwa cha Idjwi, mama aliyekaa karibu nami naye alisikia.

"Mama, mule muko nini?"

"Muko panya."

"Ya kula?"

"Hapana. Ni ya laboratwari."

"Biko na ugonjwa?"

Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Nilimjibu kwamba wana malaria, ila ni ya panya tu. Alishika sehemu ya mwisho au hakuishika, sijui. Nilimwona akigeuka, na neno likapita kutoka kiti hadi kiti mpaka mbele, kisha likarudi limekuwa jingine. Nilisikia mtu akisema Ebola.

Mwanamume mmoja akasimama. Mama yule alimwita Papa Muhindo; alikuwa mfanyabiashara wa viatu, mtu wa Beni. Alikuja hadi nilipokaa. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mama, kule Beni Ebola ilikamata bibi yangu, mama ya batoto yangu. Batu ya gilovu mu mikono balikuja na boksi kama hii, balisema tusiogope. Ile kitu tupa mu maji."

"Papa, hii haimpati mutu. Hata panya akikuuma."

"Nani alijaribu?"

Nilimwonyesha vidole vyangu, alama za meno ya panya. Nikamwambia wameniuma mara nyingi na sijaugua kwa ajili yao.

"Na kesho?" akauliza.

Watu wengine wawili walikuwa wamesimama nyuma yake. Nililikumbatia sanduku kwa mikono yote. Nahodha akapunguza mwendo, akaja, akaamua: sanduku halitupwi, lakini mimi nalo tutahamia nyuma kabisa, nje ya turubai, mbali na abiria. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, ingawa nilijua kule nyuma kuna upepo na maji yanayoruka.

Nilikaa juu ya gunia la maharagwe, mgongo kwenye upepo, sanduku tumboni. Haikusaidia. Tulipokuwa tumeipita sehemu kubwa ya Idjwi, nilifunua kitenge na kumkuta mmoja amelala ubavu, miguu imenyooka. Nikamtoa na kumfunga kwenye mfuko, maana wenzake wangeanza kumla. 

Papa Muhindo alikuwa akinitazama. Baada ya muda alikuja.

"Biko bizima?"

"Wawili."

"Na ule mwingine?"

"Baridi, papa."

Hakuomba radhi, wala sikutegemea aombe. Alikaa upande unaotoka upepo, mtu mpana, akauziba.  Kisha akasema, akiangalia ziwa, "Bibi yangu alikufa mbele dawa ifike. Kama ingefika, singeuliza ilipita mu nini."

Alasiri tulifika Goma. Bandarini afisa wa afya alitaka sanduku lifunguliwe, na safari hii nilieleza yote kabla hajauliza: ugonjwa gani, unakwenda wapi, nani anaupokea. Alinisikiliza, akampigia Dokta Kambale, akaenda kushauriana na mkubwa wake. Nilisubiri nimesimama juani, nikishukuru jua lile, kitenge kimefunuliwa nusu ili liwafikie. Mmoja alikuwa bado anatembea. Wa pili alikuwa amejikunja kwenye kona kama pamba iliyolowa. Waliponiruhusu, nilipanda pikipiki na kumwomba dereva aende polepole kwenye mawe ya volkano. Alikwenda polepole kweli, nami nikaona anachelewa.

Himbi, Kambale alinipokea mlangoni akiwa amekwisha kuvaa gilovu. Tulipofungua sanduku, yule wa kwenye kona alikuwa amekufa. Aliyebaki alikuwa ameacha kutembea na sasa alikuwa akitetemeka. Kambale alimweka juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo, akasubiri kidogo, kisha akatoa damu kidogo mkiani, akaichanganya na maji ya chumvi na kuwadunga panya wazima watano. Kabla hajamaliza wa tano, yule wetu alikuwa amekata roho juu ya taulo.

"Tumechelewa?" nikauliza.

"Damu ilikuwa bado na joto. Zaidi ya hapo sijui."

Nilifikia mtaa wa Majengo kwa mama mdogo, Mama Riziki. Mlangoni ana ndoo ya maji ya klorini tangu enzi za kipindupindu. Alininawisha hadi viwikoni, viatu vikabaki nje. Nilipomweleza kilichonileta, aliacha kumenya ndizi.

"Kwa hiyo muko munachunga ugonjwa, usikufe?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Siye hapa tunaufukuza, weye unaubeba mu boti."

Hakucheka. Nilimwambia kwamba dawa zinazomponya mwanawe kila mvua zikinyesha zinaanza kushindwa sehemu nyingine, na kwamba zile za baadaye lazima kiumbe fulani azinywe kwanza. Aliendelea kumenya.

Siku zilizofuata nilikwenda Himbi kila asubuhi. Kambale aliweka tone la damu la wale panya watano kwenye kioo, akalipaka rangi, akatazama kwenye hadubini. Hakuna kitu. Kesho yake tena hakuna. Wakati wa kusubiri nilimfikiria sana Papa Muhindo na swali lake, nani alijaribu. Niliona kuwa ndilo swali lile lile lililofanya watu wajenge maabara, na kwamba mimi nililisikia kama tusi.

Asubuhi ya nne Kambale alitazama kwa muda mrefu.  Aliinuka na kunipisha kiti. Ndani ya chembe nyekundu niliona pete ndogo ya zambarau, kijidudu chetu, na pembeni yake nyingine. Nililia. Si jambo la kawaida mtu kulia kwa furaha kwa sababu panya ameugua, lakini nililia. Jioni ile tuligandisha sehemu ya damu hiyo kwenye friji, inayotumia sasa betri za jua, na iliyobaki ikahamishiwa kwa panya wengine ili jaribio la dawa lianze.

Kurudi, nilimwomba nahodha aniruhusu niseme kabla injini haijawashwa. Nilibeba sanduku tupu lililooshwa kwa klorini, chupa moja tu ndani: damu haikuwemo, ilikuwa rangi ya kupakia vioo vya hadubini, niliyopewa na Kambale. Nilisimama mbele ya abiria, nikawaeleza kilichowahi kuwa ndani na kilichomo sasa. Nilikuwa nimejifunza hilo kwa hasara ya panya mmoja: mtu akiambiwa kabla ya kuogopa, huwa anauliza, akiambiwa baadaye, huwa ameshaamua.

Mama mmoja mwenye kapu la samaki akauliza kweli.

"Hao panya bote banapewa dawa?"

"Hapana. Nusu tu. Bila hivyo hatutajua kama ni dawa iliyowaponya."

"Na asiyepewa?"

"Anakufa, mama."

"Ni nani anachagua?"

"Hakuna anayechagua. Tunaokota kura, kama bahati nasibu."

Alifikiri juu ya jambo hilo.  Kisha akalivuta kapu lake, akanionyesha nafasi kando yake, chini ya turubai.