Safu Tatu Katika Kisanduku Kimoja

Baba ndiye aliyenilipia masomo ya kompyuta. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mablanketi huko Industrial Area, nasi tukiishi mtaa wa Ziwani, chumba kimoja na jiko. Nilipofuzu, akaniombea kazi kiwandani humo humo. Nikawa karani katika ofisi ya wafanyakazi, na kila asubuhi tulitembea pamoja hadi getini, yeye akishika njia ya mitambo, mimi nikipanda ngazi.

Mwaka ambao makampuni mengi jijini yalikuwa yakipunguza watu, zamu yetu ilifika. Meneja aliniletea orodha ya wafanyakazi wote. Nikamtengenezea jedwali lenye safu tatu: umri, miaka ya kazi, na siku ambazo mtu hakufika kazini bila ruhusa. Kila safu ilikuwa na fomula yake ya kupima.

"Hii ni ndefu mno," meneja akasema. "Wakubwa wanataka jina na jibu tu. Huwezi kuziunganisha?"

Nilijua inawezekana, na nilitamani aone kwamba najua. Nikaichukua IF moja, lile neno la fomula linalosema "ikiwa", nikaiweka ndani ya nyingine, na hiyo ndani ya nyingine, zote katika kisanduku kimoja. Ilinichukua asubuhi nzima. Mabano yalikuwa yakikataa kufungana; nikifunga moja, jingine linabaki wazi. Ilipokubali, nilifurahi peke yangu pale kitini. Nikaivuta fomula hadi chini ya orodha, na kila jina likapata neno lake: abaki, au aende.

Jina la baba lilikuwa na neno "aende".

Nilidhani nimekosea. Nikakagua mabano, nikakagua tarakimu. Umri ulikuwa sawa, na miaka ya kazi ilitosha. Kilichomwangusha ni siku kumi na nne. Mwaka uliotangulia tulimpeleka mama kwetu magharibi kumzika. Baba alipewa ruhusa ya wiki moja, akakaa tatu, kwa sababu mvua ilikata barabara na kwa sababu hakuweza kuliacha lile kaburi.

Nikamwendea meneja. "Hizo siku alikuwa msibani," nikamwambia. "Naweza kuongeza sharti moja ndani ya fomula, mwenye msiba asihesabiwe."

Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Nani hapa hajafiwa?" akaniuliza. "Tukianza hivyo, orodha haitaisha. Pole sana, lakini iache ilivyo."

Nilirudi mezani. Ningeweza kufuta ile kumi na nne na kuandika sifuri. Hakuna ambaye angejua. Nilikiweka kidole kwenye kitufe. Kisha nikafikiria tukigunduliwa, sote wawili tufukuzwe, na wadogo zangu wako shuleni. Nimewaambia watu kwamba niliogopa kudanganya. Niliogopa kufukuzwa.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Kwa siku nne kabla ya hapo nilimpikia baba ugali na mboga ya mrenda, tukala, tukasali, na sikumwambia neno.

Ijumaa hiyo alirudi nyumbani kabla yangu. Nilimkuta ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

"Ile karatasi umeiandika wewe?"

"Ni kompyuta, Baba."

"Nakuuliza wewe."

"Ni mimi."

Akanisogezea gazeti na kalamu ya risasi. "Nionyeshe inavyofanya."

Nikaandika fomula yote pembeni mwa gazeti, nikamweleza: ikiwa umri ni huu, tazama miaka ya kazi, ikiwa miaka ni hii, tazama siku, ikiwa siku zimezidi kumi, aende. Alifuata kwa kidole, bano baada ya bano, kama alivyozoea kutafuta uzi uliokatika. Aliielewa upesi kuliko karani yeyote niliyewahi kumfundisha.

"Kwa hiyo mimi nimeangukia hapa," akasema, kidole kikiwa kwenye siku.

"Ndiyo."

"Na mama yako yuko wapi humu?"

"Hayumo, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Hakunigombeza. Akavua viatu, akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Mwisho wa mwezi alirudi magharibi kulima. Alinitembelea mara moja tu, amekonda, amebeba mahindi mabichi. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba msamaha. Lakini jirani aliingia kumjulia hali, akakaa hadi jioni, na asubuhi iliyofuata baba aliamka akisema mvua imekaribia, shamba linamngoja. Nikamsindikiza. Njiani tulizungumza juu ya karo ya wadogo zangu na paa la nyumba ya nyanya yangu linalovuja.

Alifariki kabla ya mahindi aliyopanda kwa mvua hiyo kukomaa. Mjomba ndiye aliyepiga simu ofisini. Nilikuwa mezani, nikiwafundisha makarani wawili wapya kuhesabu mabano.