Mstari Nilioupiga Miteja

Hasira hii haijapoa, na sitaki ipoe.

Vita vya Maji Maji vilipozimwa nilikuwa karani wa akida, Kilwa. Nilikuwa nimesoma shule ya Wajerumani na nilijiona mtu. Kazi yangu ilikuwa daftari la waliosalimu amri. Aliyeandikwa humo aliachwa alime kwake. Asiyeandikwa, askari wakimkuta, alihesabiwa mwasi na kutiwa mnyororo wa shingo.

Akida akaniamuru nifute waliokufa, kwa kuwa mkubwa wa boma alitaka daftari safi. Nikaenda kijiji cha Miteja, nikauliza barazani kwa jumbe nani wamekufa. Watu walitaja kwa woga. Mmoja aliyetajwa alikuwa mzee aliyekufa kwa njaa kabla hata wenzake hawajajisalimisha. Nikaliona jina lake daftarini, nikalipiga mstari.

Sikuuliza nani amelirithi. Kwa Wamatumbi, matanga yakiisha, mpwa hupewa jina la marehemu na ndilo analoitwa tangu hapo. Mama yangu ni Mmatumbi, na mimi mwenyewe nina jina la marehemu kaka yake. Sina pa kujifichia. Nilijua, ila nilikuwa na haraka ya kurudi mjini.

Siku ya tatu askari walimkamata mpwa wa yule mzee, mrithi wa jina, shambani kwake. Mkewe akaja Kilwa kwa miguu, akanikuta nimesimama nyuma ya kiti cha akida.

“Karani, mjomba tulimzika kweli,” alisema. “Lakini aliyekuja kusalimu amri ni mume wangu. Ulimwandika wewe, kwa mkono wako.”

Akida akamuuliza kama siku hizi maiti za Miteja zinafufuka kwenda kupalilia mtama. Askari wakacheka. Kisha akanigeukia, akauliza kama nilikosea.

Nilisema daftari limeshasomwa na mkubwa.

Yule mama hakulia. Alinitazama mpaka nikainamisha macho, akaondoka.

Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri niliouhitaji siku ile ile. Nikampelekea akida daftari, nikakiri kosa, nikaomba jina lirudishwe. Hakulifungua. Aliniambia yule mtu amefia kwenye kazi ya barabara, akiwa bado kwenye mnyororo mmoja na wenzake.

“Acha mstari wako hapo hapo,” alisema. “Sasa uko sahihi.”

Nikajibu, “Ndiyo, bwana,” nikalirudisha daftari kabatini.