Nyuzi Ishirini na Saba, Siku Tisa

Harufu ya sambusa inayokaangwa huwapa watu njaa. Mimi hunipa hasira. Nikipita mtaani kwetu Nyamirambo jioni, mafuta yakichemka barazani kwa watu, naongeza mwendo, na watoto wangu wanacheka kwamba mama anakimbia sambusa. Wao sijawaambia kwa nini. Hebu niwaambieni nyinyi.

Mwaka mmoja baada ya vita kuanza kaskazini mwa nchi, nilikuwa na miaka kumi. Baba alikwisha kufariki, tukawa tunaishi na mdogo wake, baba mdogo Idi. Kazi yake ilikuwa kupanda kilima cha Rebero kila siku, na saa tisa alasiri afungue kisanduku cheupe cha mbao, asome kipimajoto kilichomo ndani. Nambari aliiandika kwenye kikaratasi. Jioni, mimi ndiye niliyeinakili kwenye daftari kubwa la ofisi, kwa sababu mwandiko wake ulifanana na nyayo za kuku, na wangu hata mwalimu aliusifu. Jamani, nilivyojiona! Nilinawa mikono kwanza, nikafuta meza, ndipo nikashika kalamu.

Daftari likawa na mchezo wake. Kabla ya kulala nabashiri joto la kesho. Nikipatia, napewa sambusa. Mwanzoni nilikuwa natupa nambari ovyo, leo thelathini, kesho ishirini, nakosa kila siku, mpaka baba mdogo akanionea huruma.

"Zuhura, joto halina haraka," aliniambia. "Leo likiwa nyuzi ishirini na sita, kesho halitafika mbali. Kama huna habari nyingine yoyote, sema kesho itakuwa kama leo. Hata wakubwa ofisini wanaanzia hapo."

Nikalishika hilo. Basi nikawa nakosea kwa uzi mmoja au nyuzi mbili, na mara mojamoja napatia. Nilichokitaka hasa hakikuwa sambusa. Nilitaka kwenda Rebero nikafungue kile kisanduku kwa mkono wangu. Akaniahidi: nikipatia siku tisa mfululizo, atanipeleka.

Kumbe ndiyo kwanza nikaanza kupatia. Ishirini na saba, ishirini na saba, tena ishirini na saba. Nilitembea mtaani kama mtu mwenye cheo.

Siku ya nane ikapiga mvua ya mawe. Nilikuwa natoka madrasa. Nikakimbilia kwa fundi cherehani, meno yanagongana, nguo imenata mwilini. Na pale kwenye benchi, saa tisa ile ile, baba mdogo alikuwa anakunywa chai. "Nimeshatoka huko juu," alisema. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Jioni akanipa kikaratasi: ishirini na saba. Wallahi niliona kwamba haiwezekani. Nikainakili kwa mwandiko mzuri, nikala sambusa yangu. Nilikuwa nimebakiza siku moja tu.

Nikapatia na ya tisa. Lakini Rebero hatukwenda, kwa sababu kesho yake alikuja bwana mmoja wa ofisini, miwani imemteremka puani, akalifungua daftari mbele yetu sote.

"Degere makumi mbili na saba, siku tisa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Na hii siku ya mvua ya mawe? Baridi yake iko wapi?"

Baba mdogo alilitazama daftari, kisha akanitazama mimi. "Ni huyu mtoto. Anapenda kubashiri, anaandika anavyotaka. Mwandiko wenyewe si unauona?" Halafu, kwa upole wake wa kila siku: "Zuhura, sema kweli."

Mwandiko ulikuwa wangu kweli. Mama akanizaba kofi mbele ya mgeni. Baba mdogo alibaki na kazi yake, daftari sikuligusa tena, na watoto wa mtaa wakanipa jina: Ishirini na Saba. Nilililia jina hilo mpaka nikachoka.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba kanuni yake ilikuwa ya kweli. Siku hufuata joto la jana, lakini haikosi kuongeza au kupunguza kidogo. Nilipokuwa nakosea kwa uzi mmoja, baba mdogo alikuwa anapanda Rebero. Nilipoanza kupatia, alikwisha kuacha, ananakili ya jana tu.

Baba mdogo hayupo tangu mauaji ya mwaka wa tisini na nne, kwa hiyo aliyenieleza kwa nini aliacha ni mama, juzijuzi, kitandani kwake. Askari wa kizuizi cha barabarani chini ya kilima walimdhania mpelelezi, wakamvua viatu, wakamlaza kifudifudi, wakamwuliza nambari zile anampelekea nani. Aliporudi alimwambia mama peke yake, siku ile ile.

"Kwa hiyo uliponipiga kofi ulikuwa unajua," nikasema.

"Shemeji angesema anaogopa kizuizi, wangemwuliza anaogopa nini," alijibu. "Wewe ulikuwa mtoto, mwanangu. Nilijua utasahau."

Miaka yote nilikuwa na kinyongo na mtu mmoja, na yeye ni marehemu. Kumbe walikuwa wawili, na wa pili nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji anywe.