Fundi wa Bunduki Anayenguruma

Fundi wetu wa bunduki hapa Alaska harekebishi bastola ya mtu kabla ya kumwona mwenyewe akiichomoa. Hutoa risasi, humrudishia mwenyewe bastola, husugua vidole vyake vyeusi kwenye aproni, kisha humjia akinguruma kama dubu. Nilimpelekea bastola ninayoivaa nikienda kuchuma matunda ya porini, maana dubu naye huyapenda. Nilitaka aiwekee kishikio cha pembe.

"Kwanza tukate ncha ya hiki kinyundo kinachogonga risasi, Bibi Odegaard. Kitanasa kwenye sweta."

"Sweta nimeifuma mwenyewe, hainasi kitu!"

Akanirudishia bastola bila risasi, akaingia chini ya meza, kisha akanijia kwa mikono na magoti, akinguruma. Nikaivuta bastola kiunoni. Kinyundo kikang'ang'ania sweta. Nikamtwanga kichwani kwa ndoo ya matunda.

Akakaa sakafuni akijipapasa upara. "Basi, bibi, bastola tuiache. Silaha yako ni ndoo; ilete niiongezee chuma."

"Na kishikio cha pembe," nikamwambia.