Niliisingizia Sindano

Nilikosa, na sitafuti huruma ya mtu. Watu wa mtaa wetu wa Kabondo mlicheka nilipokwenda kusoma Ulaya: "Mutoto wa muuza samaki wa Isangi, docteur? Labda docteur ya kuku!" Nilishuka uwanja wa ndege wa Simi-Simi na diploma yangu mkononi, mkaacha kucheka. Hilo silijutii!

Nilirudi pia na utafiti. Kuna ugonjwa wa nadra, wa kurithi: damu huganda mishipani, ngozi hutoka mabaka meusi, mtu hufa. Nilitaka kuthibitisha kwamba dawa ya kuzuia damu isigande inaweza kuutibu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Zaina, mke wa tonton Ramazani, mdogo wa baba yangu. Lakini nilikuwa nimetangaza wodini: anayekwenda kwa mafundi wa kuumika kwa pembe asije kwangu! Watu wakaona haya kusema kwamba wamekwenda.

"Mutoto yangu, iko jambo moja juu ya mugongo yake," tonton alianza.

"Bon, tonton, nani amesoma hapa? Mimi ao wewe?"

Akasogea kando. Nikadunga sindano.

Ole wangu! Asubuhi ileile fundi alikuwa amemchanja Zaina mgongo mzima na kumnyonya damu kwa pembe. Chale zikatoka damu chini ya kitenge, hazikuziba tena. Siku hizo za vita waasi walikuwa wamefunga barabara. Hakuna aliyethubutu kuja hospitali kumchangia damu. Akafa.

Hilo si baya kuliko yote. Matangani, kwa kulinda jina langu, nilisimama nikaapa: "Dawa ndiyo imeua!" Chale sikuzitaja, maana zingeonyesha kwamba nilikataa kumsikiliza tonton.

Mvua hazijaisha, mabaka yaleyale yakamtokea Mwajuma, dada yake Zaina, aliyekuwa akilea watoto wa marehemu. Yeye hakuwa amechanjwa popote. Nilikimbia na sindano. Tonton akasimama mlangoni.

"Docteur, si wewe uliapa hii dawa inaua watu?"

Nikakiri yote, nikapiga magoti matopeni.

"Alors, ulisema uongo siku ile, ao unasema leo?"

Akafunga mlango. Tulimzika Mwajuma Ijumaa.

Nyinyi wenye diploma, mnaojua kila kitu: mgonjwa akitaka kusema, fungeni midomo! Na mkiua, kirini siku hiyohiyo. Mimi nilisema kweli nikiwa nimechelewa, na kweli iliyochelewa haikumfungulia Mwajuma mlango.