Mama Alipokaa Eda

Jumatano, Aprili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, na hapa Manzese ikinyesha hivi moshi wa majiko haupandi juu, unalala chini chini uchochoroni. Leo umekuja na harufu ya pilau ya jirani, nikamkumbuka mama yangu alipokaa eda ya baba, mie nikiwa darasa la nne.

Kwetu mfiwa hapiki. Majirani walileta chakula kwa zamu: wali wa nazi, maharage, maandazi, samaki wa kupaka. Kukirudisha ni kama kumfukuza mtu mlangoni. Basi kila walipoona sahani imerudi nyeupe walisema alhamdulillahi, mjane anapoa, na kesho yake wakazidisha. Mama alikaa chumbani mkekani na kanga yake nyeupe, akala. Alikula chake, akamalizia chetu, akakwangua na ukoko. Siku moja shangazi, dada yake baba, akamwambia mbele yetu, "Wifi, wewe huli, unalia kwa mdomo." Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Wifi yangu, kaka yako alikuwa na vidonda vya tumbo. Miaka yote humu ndani nazi hakuna, pilipili hakuna. Niache nile, ni tamu!" Shangazi naye akacheka, akachukua kipande cha samaki.

Sikusoma sana, siwezi kuwabishia wanaosema kula kupita kiasi ni huzuni ya moyoni. Na kweli, niliwahi kumwona mama anatafuna andazi huku machozi yanatiririka, wala hajifuti. Lakini haki ya Mungu, nilimwona pia amefumba macho kwa utamu tu, kama mtoto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Labda hata yeye hakujua ni huzuni au ni utamu. Eda ikaisha, majirani wakaacha kuleta, akawa anajipikia mwenyewe, na sufuria haikupungua.

Sasa ana kisukari, nakaa naye mie. Kidonda cha mguuni kimekataa kupona. Asubuhi daktari kasema wiki ijayo mguu utakatwa, na hakuahidi kwamba maradhi yataishia hapo. Akaniuliza, mama ana mawazo? Nikamwambia sijui, ndiyo kweli yenyewe. Wale majirani wa zamani, hata kama walikosea, walikuwa na hakika wanamfariji. Mie nampimia ugali kwa kijiko, sukari naificha, na kila siku naona namnyima tu, simponyi. Pengine nakosea. Pengine bila hivyo angeshaondoka. Hakuna wa kuniambia.

Jioni tumekula ugali wa dona, mchicha na dagaa. Mama akamaliza, akauliza, "Mwanangu, kimebaki?" Kilikuwa kimebaki cha kwangu. Nimempa.