Chatu Aliyesifiwa Upole

Jumanne asubuhi dereva wa pikapu ya abiria inayotoka Koboko alisimama mbele ya ofisi yetu hapa Arua, akazima injini, kisha akakaa palepale ndani bila kushuka. Nilimfuata dirishani. "Ile mzee ya wanyama alikufa jana," aliniambia. "Wamezika yeye saa kumi." Tangu hapo sijatulia. Safu hii nimeianza mara nne na kuinuka mara nne; nimetoka kwenda kununua wino ambao ninao, nimemkaripia mpiga chapa asiye na kosa, na chai yangu imepoa mezani. Mnivumilie leo nikirukaruka.

Marehemu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kabla ya vita vya sabini na tisa. Mtoto wa askari wa serikali iliyoangushwa, alikimbilia Sudan pamoja na wengi wetu, na aliporudi Koboko aliendelea kutibu mbuzi na ng'ombe wa vijiji vya Dranya na Ludara kana kwamba aliondoka juzi. Watu walimwita Daktari, na cheo hicho alikikataa kwa kelele, kama alivyokataa karibu kila kitu. Alikuwa mgomvi wa kuzaliwa. Alibishana na wauza nyama kuhusu umri wa fahali, na imamu kuhusu mwandamo wa mwezi, na mimi kuhusu kila nilichoandika. Nilimpenda sana, ingawa mara nyingi niliondoka kwake nimenuna.

Miaka ya mwanzo ya tisini niliingiwa na hamu ya kufuga nyoka. Msiniulize kwa nini. Wapangaji wenzangu waliuliza vya kutosha. Mwindaji mmoja wa Ludara aliniuzia chatu mchanga, urefu wa mkono wangu, akiwa katika gunia. "Hii iko pole sana," alinihakikishia. "Hapana uma mutu." Nilifurahi kama mtoto. Nikamvaa shingoni, nikakatiza naye soko la Koboko watu wakinipisha, hadi kwa Daktari ili nikajitambe.

Hakunisalimu. "Bwana Gazeti, iko nini hapo kwa shingo?"

"Chatu wangu. Mpole, hata mtoto anaweza kumshika."

"Pole?" Alilitamka neno hilo kana kwamba nimemtukania mama yake. "Leta yeye hapa kwa meza."

Alimlaza chatu mkononi mwake. "Nyoka muzima nashika mukono yako kama kamba. Hii nalala tu. Ulimi hapana toka. Ona pua, iko povu. Ona jicho: ngozi ya zamani iko bado juu yake, hapana toka vizuri." Akaninyang'anya karatasi ya kuandikia, akampangusa chini ya kidevu. Karatasi ilibaki na vidoadoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, kisha nikaona pilipili inatembea. Walikuwa utitiri, wakimnyonya damu. Mwisho akampanua mdomo taratibu kwa kijiti, akanionyesha usaha wa njano kwenye ufizi. "Wewe naona hapana uma, nasema iko pole. Hapana pole, bwana. Iko mugonjwa. Nguvu ya kuuma hapana."

Niliona aibu, na aibu hiyo inanistahili hadi leo. Ulegevu wa kiumbe anayekufa niliusifu kuwa tabia njema. Daktari aliniagiza nimtenge katika sanduku safi, mahali penye joto, nimwekee maji ya kujilowesha na kuyabadilisha kila siku, nisimshikeshike, nisimlazimishe kula. Dawa aliipima mwenyewe. Wiki ya tano chatu alimeza panya mzima. Siku chache baadaye aliniuma kidole gumba, damu ikatiririka. Nilikwenda Koboko kidole kimefungwa kitambaa, nikiwa tayari kulalamika. Daktari aliruka kutoka kitini, akanishika mkono mzima akiutikisa. "Hongera! Sasa iko muzima!"

Nimekuwa nikifikiria jinsi sisi watu wa huku tulivyojifunza kupenda ukimya. Kambini ng'ambo ya mpaka, aliyesimama kwenye foleni bila neno alihesabiwa mtu mwema, na mtoto asiyelia alisifiwa mbele ya wageni. Tuliporudi na kukuta nyumba zimegeuka vichaka, tuliwaambia wajane kwamba wanajua kuvumilia, kisha tukaenda zetu. Nasi waandishi tuliandika kuwa wilaya imetulia. Sina hakika tulitazama kwa karibu tulipoandika hivyo.

Mara ya mwisho kumwona Daktari ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amevaa koti saa sita mchana. Nyama kwenye sahani yake hakuigusa. Nilisema jambo la kipuuzi kuhusu bei ya mifugo, jambo ambalo zamani lingenipatia matusi ya nusu saa, naye akaitikia tu, "Ndiyo, bwana." Nikacheka. "Siku hizi umekuwa mpole, Daktari!" Alisogeza sahani kando. "Ndiyo," akasema. "Mimi iko pole. Kama ile nyoka yako." Nikacheka tena. Nilidhani ni mzaha! Pikapu ilipiga honi, nikampungia mkono, nikapanda.

Jumatano nilikwenda matangani. Wazee walikuwa wakimsifu mmoja baada ya mwingine kwamba miaka ya mwisho alilainika, akawa mtu wa amani. Mjane wake, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa pili, alivumilia hadi akashindwa. "Mzee yangu hapana mutu ya pole," alisema kwa sauti iliyofika kote. "Ilikuwa tumbo. Mwaka muzima tumbo, na hapana mutu aliuliza." Nami sikuweza kukaa. Nilitoka nikazunguka ile nyumba mara mbili.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa kwako kuna mtu aliyezoea kugomba na sasa hagombi tena, usimsifu. Liache gazeti hili hapo ulipo, umfuate, umwulize anaumwa wapi, na akikujibu kwamba ni mzima, kaa umtazame akila. Mimi niliambiwa wazi, kwa neno ambalo maana yake nilikwisha kufundishwa, nikapanda gari.